Maswali ya Wasomaji: Joistiki Inayosukuma Mkono

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu joistiki za fosi fidbaki (force feedback), zile za simyuleta ya ndege zenye mota ndani, ambazo hazina ile springi ya chuma ya kurudisha kijiti katikati bali mota ndo inaamua kijiti kiwe kizito au chepesi, kirudi wapi, kitetemeke saa ngapi. Hapa tutaandika FFB tu kama wenyewe wanavyoandika. Nimechagua maswali machache nikayajibu kwa urefu, maana nikijibu yote mstari mmoja mmoja hakuna atakayefaidika.

SWALI: Mambo vipi fundi. Nilijichanga nikaagiza MOZA AB9, imefika salama, nikaifunga kwenye meza ya kompyuta alafu nikapandisha slaida zote za nguvu kwenye programu yake mpaka mwisho maana nimelipia nguvu nataka nguvu. Sasa nikiachia mkono kijiti kinaanza kucheza chenyewe kulia kushoto hakitulii mpaka meza inatikisika, na kingine kinachoniumiza ni kwamba nikifyatua risasi kwenye DCS, ile simyuleta ya ndege za vita, sisikii kitu mkononi, ndege ikitaka kustoli (bawa kuishiwa nguvu ya kuibeba) sisikii kitu, kila kitu kigumu tu. Imeharibika? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Poa kaka, na hapana, haijaharibika. Una matatizo mawili tofauti ambayo yote yamezaliwa na zile slaida kuwa mwisho, ngoja tuyachukue moja moja.

Hilo la kijiti kucheza chenyewe liko hivi. Kijiti kikienda kushoto sensa inapima, besi (ile sehemu ya chini yenye mota) inahesabu, mota inasukuma kurudi kulia. Kati ya kupima na kusukuma kuna kuchelewa kidogo, ni milisekunde tu, ila springi (siyo ya chuma, ni nguvu ya mota inayoiga springi) ikiwa kali kijiti kinafika katikati kikiwa na kasi kinapitiliza, mota inakirudisha, kinapitiliza tena upande wa pili, na mchezo unaendelea hivohivo. Mkono ukiwepo unaimeza ile kasi, ndo maana hukuona shida mpaka ulipoachia. Dawa yake ni dampa. Springi inaangalia kijiti kiko mbali kiasi gani na katikati, dampa yenyewe inaangalia kijiti kinakimbia kasi gani: kikitulia haifanyi kitu, kikikimbia inakipinga. Kwahiyo shusha springi kwanza iwe kama nusu, alafu panda na dampa kidogo kidogo huku ukisukuma kijiti na kukiachia, mpaka ufike mahali kijiti kinarudi, kinapitiliza mara moja kidogo tu, kinatulia. Hapo simama. Usiendelee kupanda eti ndo kitulie kabisa, maana dampa ikizidi unakuwa kama unakoroga uji mzito, kila mwendo unachelewa na zile tetemeko ndogondogo za ndege zinamezwa humohumo.

Hilo la pili ndo kubwa zaidi na wengi hawalijui, wanabaki kulaumu gemu. Mota ina mwisho wake. Hiyo yako kwa jina lake tu unaona ni 9, yaani nyutonimita 9, tuchukue hiyo ndo mwisho wake kwa hesabu hii. Sasa vuta kijiti mpaka karibu mwisho na springi iko juu kabisa, tuseme springi peke yake inakula 8. Gemu nalo linataka kuleta tetemeko la bunduki la 3. Nane na tatu ni 11, mota haina 11, inatoa 9 basi, kile kilichobaki kinakatwa juu. Tetemeko lako limekatwa kichwa na wewe unasikia ukuta mgumu. Ukishusha springi ile ya 8 ikawa 5, tano na tatu ni 8, inaenea, unaanza kusikia kila risasi. Yaani umepunguza nguvu ndo umeanza kupata hisia, na hili nawaomba wote wenye besi mpya walishike kweli kweli, kwasababu watu wanalipa hela nyingi alafu wanazima wenyewe kitu walicholipia. FFB kazi yake ni kukwambia ndege iko katika hali gani, na mota ikishatumia nguvu yote kupigana na mkono wako haina tena nafasi ya kukwambia chochote.

Zilizobaki nitazipita haraka. Frikshoni ni ule msuguano, kijiti kinagoma kidogo bila kujali kasi, inafaa kwenye ndege za kebo na puli na kwenye helikopta, weka kidogo. Inesha ni ile hali ya kijiti kuonekana kina uzito, kinachelewa kuanza na kinachelewa kusimama, mimi huwa naacha karibu na sifuri kwasababu kishikio chenyewe na kijiti tayari vina uzito wa kweli na mkono unausikia.

Sasa utaratibu. Kabla hujagusa slaida yoyote hakikisha frimwea (programu iliyomo ndani ya besi) na programu ya kompyuta ni za toleo moja linaloendana, alafu fanya kalibresheni ukiwa umeshafunga kishikio unachotumia, maana kishikio kizito kinalaza kijiti na besi inabidi ijue. USB ichomeke nyuma ya PC moja kwa moja, usipitie kwenye habu. Ukifika ndani ya gemu futa kavu zote (curves, ile mistari ya kijiti iliyopindishwa), rudisha mstari ulionyooka, na dedizoni, kile kipande cha katikati kisichosikilizwa na gemu, iwe sifuri. Dedizoni iliwekwa kwa ajili ya joistiki za springi ambazo katikati pana mchezo, ukiiweka kwenye FFB unapata kipande cha katikati ambapo mkono unasikia nguvu lakini ndege haiendi, inachanganya sana. Alafu angalia kwenye ukurasa wa kontroli kama eksisi ya pichi (pua juu na chini) na ya roli (kulala kulia na kushoto) haijapewa vifaa viwili, DCS inapenda kugawa eksisi yenyewe kwa kila kitu kilichochomekwa, unakuta throto yako, ule mkono wa gesi, nayo inaongoza eleroni (bapa za bawa za kulaza ndege), unahangaika siku nzima na slaida kumbe kosa liko huko.

Kujaribia usianze na ndege ya kununua. DCS inakuja na mbili za bure, TF-51D ambayo ni Mustangi isiyo na silaha, na Su-25T. Panda na Mustangi, nyoosha, trimu (rekebisha ile kontroli inayoshikilia ndege bila wewe kusukuma kijiti) mpaka iende yenyewe, achia mkono: kijiti kinatakiwa kibaki palepale kilipo, na mara nyingi hapo si katikati. Kigonge kidogo, kirudi kitulie. Punguza gesi uvute taratibu mpaka ikaribie kustoli, usikie tetemeko kabla bawa halijaanguka. Usipolisikia, springi bado iko juu au ile slaida ya sheki (tetemeko) kwenye gemu iko chini. Ukimaliza hapo hamia Su-25T upige mzinga, ukisikia mzinga vizuri huku umevuta kijiti nusu basi umefika, hifadhi hiyo profaili na uipe jina.

SWALI: Habari ya kazi. Mjomba wangu anarudi kutoka Marekani na ameniokotea joistiki ya zamani ya Microsoft, SideWinder Force Feedback 2, anasema ni nzima. Watu wengine wananiambia ni takataka ya miaka ya nyuma niachane nayo. Je, itafanya kazi kwenye Windows ya sasa na kuna kitu cha kuangalia kabla sijaichomeka? (Msomaji, Kasarani, Nairobi)

JIBU: Mwambie mjomba asante sana, na hao wanaosema takataka waambie wakuachie. Ile ni USB, Windows inaitambua yenyewe bila kutafuta draiva, na kuna watu mpaka leo wanarukia hiyohiyo. Usiichanganye na kaka yake, SideWinder Force Feedback Pro ya 1997, ambayo inatumia ile plagi pana ya gemu poti ya zamani, hiyo inataka kibadilishi maalum na ni kazi nyingine kabisa.

Ila kabla ya kuchomeka SOMA KIBANDIKO CHA CHINI. Joistiki hii ina sapulai ndani ya besi na waya wake wa ukutani, na iliyouzwa Marekani imetengenezwa kwa umeme wa voti 120. Kenya ni 240, Tanzania 230. Ukibadilisha plagi tu ukachomeka ukutani umeichoma. Nunua kishusha voti cha 240 kwenda 120 chenye wati za kutosha kulingana na kibandiko, au mpelekee fundi elektroniki aangalie kama anaweza kubadilisha sapulai ya ndani, lakini hilo la fundi liwe ni mtu unayemwamini kweli maana mle ndani kuna umeme wa ukutani.

Ukishaiwasha unaweza ukaona kijiti kiko legevu, kinalala tu, ukadhani mota zimekufa. Shika kishikio uone. Kwenye kishikio kuna kijisensa kinachoangalia kama mkono upo, mkono usipokuwepo kinazima nguvu kwa usalama. Watu wengi wanakiziba kwa kipande cha karatasi nyeupe kisha tepu juu yake, nguvu zinabaki muda wote, na kwenye helikopta utaona umuhimu wake. Ukishakiziba ujue sasa kijiti kinaweza kuruka chenyewe gemu likianza, kwahiyo kikombe cha chai kikae mbali.

Tatizo lingine la umri wake ni potenshomita, vile vipimo vya ndani vinavyosoma kijiti kiko wapi. Zinachafuka, ndege inaanza kutikisika kidogo bila wewe kusogeza kitu. Fungua sehemu ya kontrola za gemu kwenye Windows uangalie kile kialama, kikiruka ruka ukiwa umetuliza kijiti basi zinahitaji kusafishwa kwa spirei ya kusafishia swichi na potenshomita, ile isiyoacha mafuta mazito. Na usiipigishe kazi ya kushikilia pembeni kwa muda mrefu: mota ikisukuma bila kuzunguka umeme wote unageuka joto, na hizo mota za brashi ni ndogo.

Kwanini Microsoft waliacha kutengeneza kitu kizuri hivo? Sababu ni nyingi lakini moja inayotajwa sana ni hataza. Kampuni ya Immersion ya California ilikuwa imeshika hataza nyingi za teknolojia hii, mwaka 2002 ikawashtaki Microsoft na Sony, na 2003 Microsoft ikamaliza kesi yake kwa dola milioni 26. Baada ya hapo joistiki za FFB za bei ya mtu wa kawaida zikawa chache mno, Logitech wakaja na G940 mwaka 2009, nayo ikapita. Hii kurudi tunayoiona sasa, kina VPforce Rhino na MOZA, imechukua miaka mingi sana kufika.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi naruka helikopta, Huey na Mi-8 kwenye DCS. Nimehama kutoka joistiki ya kawaida kwenda ya FFB nikitegemea mambo yatakuwa rahisi lakini nikibonyeza kitufe cha trimu helikopta inaruka kama imepigwa teke. Nini hiki? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam. Hapa umegusa mahali ambapo FFB inalipa kuliko popote, nakuahidi ukipata setingi hii hutarudi nyuma.

Kwenye helikopta halisi za namna hiyo fimbo ya saikliki (ile ya kuinamisha helikopta mbele, nyuma na pembeni) haina katikati ya kudumu. Rubani anabonyeza kitufe, breki ya sumaku inaachia, fimbo inakuwa huru, anaipeleka anapotaka, anaachia kitufe, na springi sasa inashika palepale alipoiacha. Joistiki ya springi haiwezi hilo, kwahiyo waliotengeneza gemu waliweka njia ya kuzunguka: ukiachia kitufe gemu linakumbuka ulipokuwa, alafu linasubiri wewe urudishe mkono katikati ndo liendelee kukusikiliza. Wewe nadhani umehama na setingi ile ya zamani. Joistiki yako sasa inabaki ilipo lakini gemu bado linafanya hesabu za mtu mwenye springi, matokeo yake ndo hilo teke.

Nenda kwenye opshoni, sehemu ya opshoni maalum za kila helikopta, modi ya trima irudishe ile ya kawaida (Default) kwa kila moja unayoruka, maana kila helikopta ina ukurasa wake. Hakikisha na kile kisanduku cha fosi fidbaki kwenye ukurasa wa Misc wa opshoni kina tiki. Sasa ukibonyeza trimu kijiti kiwe legevu mkononi, ukiachia kishike. Kisiposhika, au kikishika mahali tofauti na ulipokiacha, soma swali linalofuata hapa chini.

Kwa nguvu zenyewe, helikopta inataka springi laini kuliko ndege ya bawa, frikshoni ya kutosha ili kijiti kisidondoke ukiwa umebonyeza trimu, na dampa ya wastani. Ukiwa unaelea juu ya ardhi mkono unafanya masahihisho madogo madogo yasiyoisha, springi ikiwa ngumu unachoka kifundo cha mkono ndani ya robo saa na unaanza kuvuta kwa kurukaruka. Wengine hubonyeza kitufe na kukishikilia muda wote wa kuelea, kijiti kikiwa huru kabisa, wakishatulia ndo wanaachia. Jaribu zote mbili uone mkono wako unapenda ipi.

SWALI: Kijiti kinakimbilia kona chenyewe mara tu misheni ikianza na nikikirudisha kinanishinda nguvu. Naogopa kukigusa. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Umefanya vizuri kuogopa. Shusha nguvu ya jumla ya besi mpaka asilimia 20 hivi kwanza, ndo uendelee.

Hiyo ni nguvu iliyogeuzwa. Kijiti kikisogea kulia gemu linadhani kimeenda kushoto, linatuma nguvu ya kukirudisha, nguvu inakisukuma kulia zaidi, na kadri kinavoenda ndo kinavosukumwa. Kwenye DCS ukifungua eksisi kuna kitufe cha FF Tune, ndani yake kuna kubadilishana eksisi, kugeuza X na kugeuza Y. Badilisha kimoja, jaribu, kingine, jaribu. Njia ya kutambua: trimu pua juu, kijiti kinatakiwa kije kwako. Kikienda mbele, geuza Y. Kikienda pembeni, eksisi zimebadilishana nafasi.

Na sababu nyingine ambayo haihusu mwelekeo, ni programu mbili kugombania kijiti. FFB ya DirectInput, ile njia ya gemu kuongea na joistiki, ambayo ndo Windows inatumia tangu DirectX 5 ya 1997, inataka programu moja ikishike kijiti peke yake. Besi za kisasa zina programu zake ambazo nazo zinaweza kutengeneza nguvu kwa kusoma taarifa za ndege, sasa ukiacha gemu linatuma na programu nayo inatuma, springi zinakuwa mbili. Amua nani anatuma springi, mwingine abaki na tetemeko tu au azimwe kabisa.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, ndoto yangu ni kuwa rubani. Naruka Cessna Caravan kwenye Microsoft Flight Simulator ya 2020, Zanzibar kwenda Dar na Dodoma kwenda Arusha. Kaka yangu ameninunulia joistiki ya FFB iliyotumika lakini kwenye simyuleta hii haifanyi kitu, imelegea tu, na nikiingia DCS inafanya kazi. Pia rafiki yangu anasema kwenye Airbus haina faida hata ikifanya kazi, ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ndoto, shika sana hesabu na fizikia.

Joistiki yako ni nzima. Simyuleta hiyo ya 2020 ilitoka bila kutuma FFB yenyewe, kwahiyo inabidi kuwe na programu ya katikati inayosoma ndege iko na kasi gani, trimu iko wapi, alafu inatengeneza nguvu na kuipeleka kwenye kijiti. Wenye Rhino wanatumia TelemFFB, wenye MOZA wanatumia programu ya besi yao, na wenye joistiki za zamani wengi wanatumia XPForce. Weka, unganisha, hakikisha inawaka kabla ya simyuleta kuanza.

Sasa nataka uelewe kinachotakiwa kutokea, maana kwa Caravan hili ni zuri sana. Caravan kama Cessna 172 inaongozwa kwa kebo na puli, usukani umeunganishwa moja kwa moja na elevita (bapa la mkiani la kuinua na kushusha pua) na eleroni, kwahiyo hewa inayopiga elevita inasukuma mkono wa rubani. Nguvu hiyo inakua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu mara nne kwa elevita iliyosogezwa kiasi kilekile. Chukua 172 inakuja kutua kwa kilomita 110 kwa saa, na iko kruizi (mwendo wa safari angani) kwa 220: usukani uleule, unausogeza uleule, mara nne ya uzito. Ndo maana ukipunguza kasi kwa ajili ya kutua rubani anasikia usukani unalegea mkononi, na kulegea huko ni taarifa, kunamwambia kasi inakwisha kabla hata hajaangalia kipimo. Kwenye programu yako tafuta sehemu ya nguvu kufuata kasi ya hewa, iwashe, alafu uweke springi ya chini iwe ndogo sana ukiwa umesimama ardhini. Uwanjani, injini haijawashwa, usukani wa ndege ndogo hauna cha kuurudisha katikati. Simyuleta nyingi zimewekwa springi ile ile kuanzia ardhini mpaka angani na mwanafunzi anakosa somo lote.

Alafu trimu. Ukiwa kwenye kruizi umetrimu vizuri uachie mkono, ndege inyooke. Ukianza kushuka na kubadilisha kasi mkono utaanza kubeba uzito, zungusha gurudumu la trimu mpaka uzito uishe mkononi. Usitrimu kwa kuangalia alama kwenye skrini, trimu kwa mkono, ndivyo walimu wa ndege wanavyofundisha na joistiki ya kawaida haiwezi kukufundisha hivo.

Rafiki yako kuhusu Airbus yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Kwenye A320 ile fimbo ya pembeni ni springi tu, inatuma ishara za umeme kwa kompyuta, haileti nguvu ya hewa kutoka kwenye bawa. F-16 nayo fimbo yake inapima msukumo wa mkono na haisogei karibu hata kidogo. Kwa ndege hizo tengeneza profaili ya springi moja tu isiyobadilika, zima nguvu za kasi, acha tetemeko la stoli kama unapenda lakini ujue si la kwenye fimbo. Boeing 737 iko katikati: inaongozwa kwa haidroliki na ina kifaa kinachotengeneza uzito wa bandia kwa rubani, na ikikaribia stoli kuna mota inayotikisa usukani kwa makusudi, hiyo unaweza kuiweka kwa haki kabisa. Kwa wanaopenda ndege za vita vya pili, kila moja na tabia yake, elevita ya Spitfire ni nyepesi lakini eleroni zake zinakuwa nzito sana kwenye kasi kubwa, na Bf 109 ikipiga mbizi elevita inakaza mpaka unavuta kwa mikono miwili. Ukitumia profaili moja kwa zote unajinyima.

SWALI: Fundi, nataka kuongezea kijiti urefu nikiweke sakafuni katikati ya miguu kama ndege halisi, besi ya nyutonimita 9. Mume wangu ana karakana ya kuchomelea, anaweza kunitengenezea stendi. Niongeze urefu kiasi gani na stendi iweje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Dada yangu una bahati, maana stendi za kununua ni ghali na kusafirisha chuma kutoka nje ni ghali zaidi.

Urefu unakula nguvu. Gawanya nyutonimita kwa urefu wa kutoka kwenye mhimili wa besi mpaka katikati ya ngumi yako. Ngumi ikiwa sentimita 20 juu, 9 gawa kwa 0.2 ni nyutoni 45, kama kilo nne na nusu mkononi. Ikiwa sentimita 30 ni nyutoni 30, kilo tatu. Ukifika 40 umebaki na 22 na nusu, kilo mbili na kidogo. Faida yake ni kwamba mkono unasafiri mbali zaidi, unaweza kufanya masahihisho madogo sana, kwa helikopta na ndege za zamani ni raha. Mimi ningesimama kwenye sentimita 10 za kuongeza, 15 kama kweli unataka sakafuni, baada ya hapo besi ya 9 inaanza kupwaya na kishikio kizito kinaanza kukilaza kijiti chenyewe. Kumbuka kufanya kalibresheni upya, na ushushe dampa kidogo kwanza kisha uitafute tena, maana uzito umehamia juu na tabia imebadilika.

Stendi mwambie atumie angle ya chuma au bomba la mraba, na jambo la kwanza ni upana wa chini, si unene wa chuma. Kijiti kikivutwa kwa kilo tatu sentimita 30 juu ya besi kinataka kuipindua stendi nzima, kwahiyo ama miguu iwe mipana kuelekea mbele na nyuma au, bora zaidi, stendi iunganishwe na kiti ili uzito wako ndo uishikilie. Apime matundu ya besi kwa kuweka karatasi chini yake na kuchora, asikadirie. Matundu ya stendi ayafanye marefu kama njia ili uweze kusogeza besi mbele nyuma mpaka kiwiko kipumzike juu ya paja, hapo mkono ndo unatulia. Kati ya besi na chuma aweke kipande cha raba nyembamba, vinginevyo kila tetemeko la mzinga linasikika mpaka chumba cha pili na watoto hawalali. Na waya wa umeme aupitishe nyuma mbali na mguu wako wa pedali ya ruda, kisha bolti azikaze tena baada ya siku chache za kuruka, zinalegea kwa tetemeko.